Sisemi Kitu, Nauliza Tu

Mpendwa mshauri,

Kabla sijafika kwenye kilio changu naomba niwatangazie wasomaji wako, kwa heshima zote na kwa sauti ile ninayotumia kazini, kwamba redio ya nyumbani kwetu, nyeusi, ya betri nne, yenye antena iliyoungwa kwa waya wa kuanikia nguo, imefungiwa kabatini tangu Jumatatu saa kumi na moja na nusu jioni, katikati ya mablanketi ya wageni, kwamba ufunguo wa kabati anao mke wangu kwenye mfuko wa ovaroli, na kwamba mpaka naandika haya hakuna taarifa zozote za maendeleo.

Najua utasema redio ni redio, nenda kaazime ya jirani, ila shida yangu ni kwamba mimi ni mtu wa redio, nina miaka hamsini na mbili, tumbo limetangulia mbele na nywele zimerudi nyuma, asubuhi nasoma matangazo ya vitu vilivyopotea, mchana nasoma salamu za wagonjwa, na kila Jumatatu saa kumi na moja kinatoka kile kichekesho ninachokiandika mwenyewe, Nyumba ya Bwana Mmh, ambacho nisijisifu, lakini nadhani hata viziwi wamesimuliwa. Kama kuna msomaji mmoja aliyekuwa safarini miaka sita yote hii, Bwana Mmh ni mume asiyesema, anaguna tu, na mkewe Bi Nauliza ndiye mwenye maneno, anauliza kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, mbona umechelewa, mbona chai haina sukari, mbona nimetengeneza nywele hujaziona, na hili vazi jipya hulioni au macho umeyaacha kazini, na akishamaliza orodha yake anavuta pumzi na kusema, "Sisemi kitu, nauliza tuuu!" Hapo Bwana Mmh anaguna, "Mmh," na watu wanajishika mbavu.

Mwanzoni nilifurahi, mshauri, nani asingefurahi, mtu unapita sokoni unasikia maneno yako yanatoka kwenye midomo ya watu usiowajua. Ila baadaye yakaanza mambo ambayo sikuyaandika mimi. Kinyozi wangu siku hizi mkewe akimpigia simu hajibu, anaguna. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, mtu aliyekuwa anaongea mpaka na paka, sasa mkewe akimuuliza watoto wamekula anatazama dari, "Mmh," na vijana wa mtaani wanatikisa kichwa, huyo ndiye mwanaume, hana maneno mengi. Wanawake nao, wallahi, hakuna anayeweza kuuliza hata saa ngapi bila kujitetea kwanza, "Jamani sisemi kitu." Binti yetu yuko chuo cha ualimu, matokeo yake ya somo moja hayakutoka, akaenda ofisini kuulizia, akakaa kwenye benchi, akarudi nyumbani bila kuuliza. Nikamwambia, "Sasa mama, ulikwenda kufanya nini?" Akasema, "Baba, pale dirishani kuna wavulana watano. Nikianza kuuliza, si wataniita Bi Nauliza?" Nilijidai natafuta miwani.

Sasa njoo kwa mke wangu. Yeye ni fundi wa injini kwenye karakana ya malori, msimamizi wa zamu ya asubuhi, wenzake wanamwita Mama Spana, na ni mtu wa maneno machache kiasi kwamba anaweza kulala chini ya lori saa tatu nzima akatoka na maneno mawili, "Ni gasketi." Karakana yao ina chumba cha kupulizia rangi ambacho feni yake ya kutolea hewa imekufa tangu mwezi wa pili, na mpuliza rangi mmoja anakohoa mpaka spana zinacheza ukutani. Wanachagua mwakilishi wa wafanyakazi Alhamisi ya wiki ijayo, mke wangu anagombea, na anachokitaka ni kitu kimoja tu, hiyo feni. Basi Jumatatu hii kulikuwa na kikao, meneja yupo, mke wangu akasimama, akasema, "Nauliza, feni ya chumba cha rangi itatengenezwa lini?" Basi. Hakuongeza neno. Nyuma huko mtu akabana pua, "Sisemi kitu, nauliza tuuu!" na mwingine akajibu, "Mmh!" na watu themanini wakaangua kicheko, mpaka akina dada wa stoo, mpaka mpuliza rangi mwenyewe alicheka akakohoa, na meneja akafuta machozi kwa leso akasema, "Haya jamani, turudini kazini." Swali likabaki limesimama peke yake na mke wangu pembeni yake.

Akarudi nyumbani saa kumi na moja na nusu, mimi nipo sebuleni maana kipindi hukinasa mapema, na hewani ndio kwanza Bi Nauliza amechachamaa. Akaizima redio, akaifunga antena, akasema, "Leo umenifuata mpaka kazini," akaenda kuifungia kabatini. Tangu hapo sisi ni watu wa shikamoo za kwa macho.

Shida ni kwamba watu wote pale karakana wanajua mume wa Mama Spana ndiye anayeandika kile kichekesho, kwa hiyo wanaamini Bi Nauliza ni yeye, kwamba mimi nakaa sebuleni na daftari namnakili, nikipita getini wananikonyeza, "Shemeji, yule wa redioni hajambo?" na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka nao.

Sasa nikuungamie, mshauri, na usilichape jina langu. Hakuna mwanamke yeyote anayeigiza Bi Nauliza. Ile sauti ni yangu. Nabana koo kwa vidole viwili, nakumbatia mto ili pumzi isishuke, na kituo kinaficha siri hiyo kama kitu cha serikali. Na Bwana Mmh ndiyo aibu zaidi, kwa sababu Bwana Mmh si mtu kabisa, ni kitufe. Miaka sita iliyopita fundi mitambo wetu alikuja kazini jino linamuuma, nikamuuliza, "Bado linauma?" akaguna, "Mmh," na kinasa sauti kilikuwa kimewashwa, basi mguno huo mmoja ndio tunaoubonyeza mpaka leo, kitufe cha tatu kutoka kushoto, kimebandikwa utepe mwekundu. Wanaume wote wa mtaa wetu wanaiga kitufe.

Naomba msaada, nifanye nini kabla ya Alhamisi? Nimefikiria kumuua Bi Nauliza, apigwe shoti na pasi kipindi kijacho, tumzike kwa heshima, ila mtayarishaji wa vipindi anasema nikimgusa yule mama nitafute kazi nyingine. Nimefikiria niende mwenyewe kwenye kikao nikamtetee mke wangu, nizungumze na wale mafundi kwa niaba yake. Au nimweleze tu kwamba ni utani, watu watasahau, asiuchukulie moyoni? Maana kwa kweli na mimi nina moyo, mshauri, Jumatano nimenyoa, hajaona, nimevaa shati jipya la bluu, hajasema hata limekaa vipi, namuuliza chai haina sukari au ni mdomo wangu, kimya, namuuliza mbona umechelewa leo, kimya, mpaka nimeanza kumsimulia paka wa mwalimu. Mimi simlaumu, na wala sisemi kitu, nauliza tu, hivi mwanamke anaweza kuvunja nyumba kwa sababu ya kichekesho?

Ni mimi,
Mtu wa Redio

*

MSHAURI ANAJIBU

Mtu wa Redio,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Pole. Nakuambia pole mapema kwa sababu huko mbele nafasi itakuwa finyu.

Hakuna mwanamke anayevunja nyumba. Mwanamke amefunga kabati. Tuanze hapo.

Umeniambia mkeo analala chini ya lori saa tatu na kutoka na maneno mawili. Halafu wewe, katika aya moja ya mwisho, ukanililia nywele, shati, chai na kuchelewa. Nikarudi mwanzo kutazama Bi Nauliza analia nini. Kuchelewa, chai, nywele na vazi jipya. Hata ile sentensi yake umeniandikia mwenyewe bila kushtuka, na ukaiweka mahali palepale anapoiweka yeye, baada ya orodha! Bwana mkubwa, usinifanye mtoto. Bi Nauliza hakutoka kwa mkeo. Umeniungamia sauti ukaficha maneno. Bi Nauliza ni wewe, na nadhani unajua, na nadhani ndiyo maana umeandika barua ndefu namna hii.

Kutaka mkeo akuone ukinyoa si aibu hata kidogo. Ningekuwa jirani yako ningekuambia umependeza. Aibu ni kwamba ulipoona haya kulia kwa sauti yako ukamvalisha mtu gauni akulilie. Na kwa kuwa mtu huyo hayupo duniani, watu wakatafuta wa kumvisha, wakampata mkeo, wakampata binti yako, wakawapata akina dada wa stoo ambao walicheka haraka ili wasiwe wao. Na wanaume wakapewa kitufe wakaambiwa huyu ndiye baba. Fikiria hilo kidogo. Mtaa mzima umefundishwa uanaume na jino bovu.

Na mimi nisijitoe. Mwezi uliopita daktari aliniandikia dawa za aina mbili. Nilitaka kuuliza ipi ni kabla ya chakula na ipi ni baada. Nikasikia ile sauti yako kichwani, nikachukua mkoba nikaaga. Nikazimeza zote pamoja, na tumbo likanifundisha adabu siku mbili. Mimi, ambaye kazi yangu ni kujibu maswali, niliona haya kuuliza! Kwa hiyo nina hasira na wewe ya kwangu binafsi, mbali na ile ya mkeo.

Sasa sikiliza.

Usimuue Bi Nauliza. Ukimpiga shoti watu watacheka na hapo pia, na watabaki wanamkumbuka. Na kwenye kikao cha karakana usikanyage. Huna zamu pale. Mkeo anajua kusimama, kilichomkosesha jibu si kukosa msemaji, ni kelele zako kumtangulia. Na hilo neno la "ni utani tu, usiuchukulie moyoni" ulimeze kabla halijatoka, maana ukilisema atakufungia na wewe kabatini.

Mwambie ukweli kwanza yeye, kabla ya mtu mwingine yeyote, mkiwa wawili, kwa sauti yako hiyo ya vitu vilivyopotea. Usimalizie kwa swali. Usingoje akukumbatie.

Kisha Jumatatu, kabla ya huo uchaguzi, soma kipindi chako hewani kwa sauti nzito ya kiume, maneno yaleyale, usibadilishe hata nukta. Mto uuache nyumbani. Tuone kilichokuwa kinawachekesha watu miaka sita ni maneno au gauni. Mtayarishaji akija juu, mgunie.

Mshauri

(Jibu hili nilimtumia mwenyewe kabla ya kulichapa, kwa sababu ya ile Alhamisi. Hapa chini ni alichoniandikia baadaye, kwa ruhusa yake.)

*

Mpendwa mshauri,

Umenisomesha barua yangu mwenyewe kama mwalimu wa darasa la pili, na bado sijakusamehe vizuri. Ila ulitaka ukweli, basi huu hapa, wote, hata pale ninapoonekana vibaya, yaani karibu kila mahali.

Miaka sita iliyopita mke wangu alikuwa amepandishwa kuwa msimamizi, anarudi nyumbani na injini kichwani, ananipita sebuleni kama kiti. Nikaandika kichekesho cha mwanaume anayemngoja mkewe arudi kutoka kazini aone kwamba amenyoa. Mwanaume, mshauri. Ndivyo kilivyoanza. Nikamsomea mtayarishaji na fundi mitambo kwa sauti yangu. Hakuna aliyecheka. Fundi mitambo alishika shavu lake akatazama viatu. Mtayarishaji aliniuliza taratibu, "Nyumbani kuna amani lakini?" Niliona aibu mpaka kwenye kucha, na kwa kujiokoa nikabana koo nikaurudia mstari uleule kwa sauti ya kike. Mtayarishaji alianguka kwenye kiti. Kwa hiyo Bi Nauliza ana umri wa miaka sita kasoro dakika mbili, na hizo dakika mbili ni za kwangu.

Jumamosi nilimkuta mke wangu jikoni anasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Nikasimama mlangoni.

"Mama," nikasema, "yule Bi Nauliza, yale maneno. Ni mimi."

"Najua."

"Sauti unaijua, nasema maneno. Yale malalamiko."

"Najua, baba watoto. Nilijua kipindi cha kwanza. Nilisikia lile vazi jipya, nikajua ni shati lako."

"Miaka sita! Sasa mbona hukuniambia?"

Alifunga bomba. "Nilikuwa nangoja siku utakayoacha kuiuliza redio uniulize mimi."

Ningekuwa na kitufe ningekibonyeza. Nikamwambia nikitaka naweza kumuua yule mama Jumatatu hiyohiyo.

"Usimuue," akasema, akijifuta mikono. "Kwanza hajajibiwa hata swali moja."

Jumatatu nilikwenda kituoni bila mto, na safari hii si kunasa, moja kwa moja hewani. Nikasoma yaleyale, chai, nywele, vazi jipya, kwa sauti hii ninayosomea funguo zilizookotwa. Nilipofika "sisemi kitu, nauliza tu" nikamtazama fundi mitambo kupitia kioo. Kidole chake kilikuwa juu ya utepe mwekundu. Hakubonyeza. Kukawa kimya hewani sekunde nne, ambazo redioni ni sawa na msiba. Halafu simu zikaanza. Ningependa kukuambia watu waliguswa. Hapana. Mmoja alisema mrudishieni mama yetu. Mwingine alisema huyo mwanaume analalamika nini, akafunge mlango alie ndani, anatuaibisha. Mwanamke mmoja aliuliza tu, "Kwani siku zote alikuwa yeye?" akakata. Mtayarishaji alikuja juu kama maziwa, nikamgunia kama ulivyonishauri, na tangu siku hiyo kichekesho si changu tena. Nimebaki na vitu vilivyopotea. Ushauri wako huo wa mwisho usimpe mtu mwingine.

Alhamisi sikwenda karakana. Haya ninayokuandikia nimeyapata kwa mke wangu, kwa maneno kumi, na kwa mpuliza rangi, kwa maneno elfu moja na kikohozi.

Mke wangu alisimama akasema, "Nauliza, feni ya chumba cha rangi itatengenezwa lini?" Kama kawaida, nyuma huko mtu akaanza, "Sisemi ki..."

Mpuliza rangi akageuka. "We, hiyo sauti ni ya shemeji! Hukusikia Jumatatu? Sasa muache Mama Spana mwenyewe aongee."

Hapo walicheka, mshauri, walicheka sana, ila mara hii walinicheka mimi, na mimi sikuwepo, kwa hiyo haikuniuma kiasi kile. Walipomaliza mke wangu alikuwa bado amesimama. Akalirudia swali, vilevile, hakuongeza neno. Meneja aliwatazama watu, watu wakamtazama meneja. Leso ilikuwa mkononi na hakuwa na cha kufuta. Akasema Jumatano.

Kisha wakapiga kura, na mke wangu akashindwa. Kwa kura nne. Aliyeshinda ni fundi matairi, ambaye alipoitwa kujieleza alikunja mikono, akasema "Mmh," akakaa. Alipigiwa makofi. Hili sijalitunga, natamani ningekuwa nimelitunga.

Feni imefungwa Ijumaa, si Jumatano. Inapiga kelele lakini inavuta. Binti yetu amerudi dirishani kuulizia matokeo yake. Hajajibiwa bado, ila ameuliza, na anasema mmoja wa wale wavulana watano naye alikuwa na matokeo yasiyotoka na alikuwa anaona haya kuliko yeye.

Jana nimenyoa. Mke wangu amerudi saa kumi na mbili kasoro, amevua buti, amekaa. Nimejizuia kwa muda ambao kwa viwango vyangu ni mrefu. Halafu nikashindwa.

"Nimenyoa," nikasema. "Umeona?"

Akaniangalia. Akaniangalia mbele, akaniangalia pembeni, kama anavyoangalia lori lililoletwa kwa kuvutwa.

"Mmh," akasema.

Halafu akacheka mpaka akashika meza, kicheko ambacho sijakisikia ndani ya nyumba hii tangu kabla ya kitufe, na akiwa bado anacheka akainuka kutafuta mkasi.

"Nyuma kinyozi kakuachia kichaka. Geuka nikutengeneze."

Nikageuka. Redio bado iko kabatini, na ufunguo sijauulizia.

Mtu wa Redio